Cherehani ya Mtu Asiyeuliza Ikama

Madam alianza na kandambili, akaona haiumi vya kutosha, akachomoa waya wa pasi. Nilijikunja kati ya friji na ukuta, na nilichowaza, cheka ukitaka, ni vidole vyangu. Nikavificha kwapani. Mgongo haushoni.

Kosa langu lilikuwa cherehani. Nilikuwa msichana wa kazi katika nyumba moja ya Al-Nuzha, Jeddah, nikiota kurudi Kenya nikiwa fundi wa magauni ya maharusi. Duka la jirani lilikuwa na cherehani ya umeme, nyeupe pe, na bango la kulipa kidogo kidogo. Nilidhani wataniuliza kama mimi ni mlipaji mzuri. Karani alitaka ikama tu, kile kibali changu cha kukaa nchini. Akabofya bofya, akasema kwa upole, "Ujumbe umeingia kwenye simu yako. Nisomee namba."

Simu yangu ilikuwa kimya. Kumbe ikama yangu iliandikishwa kwa namba ya baba, mume wa madam, kama wanavyofanyiwa wasichana wengi. Ombi langu la mkopo lilimfikia yeye, akiwa mezani na mkewe anakula wali niliopika mimi.

"Unakopa utoroke," madam alisema, waya ukishuka. "Mimi sikulishi?"

"Unanilisha, madam."

"Halas. Nyamaza."

Kutoroka sikuwa nimekuwaza. Yeye ndiye aliyenipa wazo. Asubuhi yake nilitoka kutupa takataka, nikapita pipa, nikaendelea. Dereva wa nyumba ya pili, Mkenya, aliona gauni langu lilivyoganda damu mgongoni. "Ingia nyuma, dadangu," akasema. "Mimi napeleka mazulia Riyadh. Leo wewe ni zulia." Nililia na kucheka njia nzima.

Riyadh nilipokelewa mtaa wa Manfuha, na mwanamke wa kwetu niliyemwita dada kwa kuwa kanizidi umri. Chumba kimoja, ngazi nyembamba. Baba alikwisha kuripoti kwamba nimetoroka, kwa hiyo ikama yangu ilikufa, na hakuna duka ambalo lingenikopesha hata sindano.

"Kuna mtu anakopesha cherehani," dada alisema. "Yeye haulizi ikama. Anauliza unalala wapi."

Nilicheka. Dada hakucheka.

Yule bwana alipanda ngazi na cherehani begani siku ileile, akanionyesha kutunga uzi, taratibu, kama anamfundisha mtoto wake. Aki nilimpenda. Nikashona madera, mapazia, sare za wanawake wa saluni, nikalipa. Kisha msako wa wasio na vibali ukaanza, wateja wakajifungia ndani, nami nikachelewa kulipa.

Alikuja Ijumaa mchana na mwenzake. Hakubisha hodi. Mlango uling'oka bawaba ya chini. Mimi nilikuwa natia mkono wa pili kwenye gauni la dada, la kitenge, zawadi yangu kwake.

"Kaka, subiri hadi Jumapili," dada alimwambia, akisimama mbele yangu.

Alimpiga ngumi ya mdomo. Dada alikaa chini polepole, kama mgeni aliyekaribishwa. Nikaikumbatia cherehani kwa nguvu zote. Yule bwana akanivuta nywele hadi kichwa kikagonga ukuta, mwenzake akakanyaga mkono wangu wa kulia sakafuni, akageuza kisigino. Nilisikia mlio kama wa tambi kavu ukizivunja juu ya sufuria.

"Pigia polisi," yule bwana aliniambia bila hasira. "Waambie wewe ni nani."

Akaibeba cherehani, gauni likiwa bado chini ya sindano. Lilichanika begani, mkono wa kitenge ukaondoka naye, uzi ukifumuka nyuma yao hadi chini ya ngazi.

Dada alitema jino kwenye kiganja, akalitazama. "Sasa gauni langu lina mkono mmoja."

"Ndiyo fasheni," nikasema.

Nilishuka nikiukusanya ule uzi, nikauzungusha kwenye kidole kizima. Nikatafuta kipande cha kitenge kilichobaki, cha mkono mpya wa gauni, nikashika sindano ya kawaida kwa kushoto. Mshono wa kwanza ulienda upande. Dada, barafu mdomoni, akaniinulia kitambaa ili nisihitaji mkono mwingine.