Ua wa Minyaa

Zamani msitu wetu ulilindwa na ua wa minyaa na haya za majirani. Siku hizi unalindwa na ofisi yenye kiyoyozi, na kila mwaka unapungua.

Shemeji yangu, mume wa dada, aliulinda miaka thelathini. Hakuwa na bunduki wala sare. Alikuwa na panga na mdomo. Kabla ya mvua aliwaita wote wenye mashamba yanayopakana na msitu, wakatembea kando ya ua kutoka barabarani hadi kwenye chemchemi. Aliyelima kupita ua, hata hatua mbili, alipanda minyaa upya palepale, wenzake wakimtazama.

"Jembe lako limeota miguu, bwana?"

Hakuna aliyetaka kuulizwa mara ya pili.

Ndipo wakaja wahifadhi na ramani ya rangi. Kwenye ramani mpaka ulinyooka. Ua wetu ulijipinda. Wakaamua aliyekosea ni ua. Wakaufyeka kama magugu, wakasimika nguzo za zege, moja hapa, nyingine huko usikoiona.

"Kati ya nguzo na nguzo kuna nini?" shemeji akauliza.

"Kuna mstari, mzee," ofisa akajibu. "Uko kwenye ramani."

"Basi wafundisheni mbuzi kusoma."

Wiki hiyohiyo akastaafishwa, kwa cheti cha shukrani.

Kufikia mavuno ya pili mahindi yalikuwa yamezipita nguzo, yakielekea kwenye chemchemi. Nguzo moja nimeikanyaga mwenyewe mlangoni kwa jirani. Ni kipandio kizuri, hakitelezi. Ofisi ikaitisha semina ya uhamasishaji. Watu wakala, wakapiga picha, wakarudi kulima.

Dada akaja kwangu. "Kaka, ongea naye. Anapanda minyaa tena, na ofisi imemwandikia barua. Eti mmea haujaidhinishwa."

"Wewe umemwambia aache?"

"Nimemwambia. Akaniomba nimshikie kikapu."

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Maji ya kupikia nachota pale chemchemini."

Mara ya mwisho nilipowaona, mahindi yalikuwa yamebakiza hatua arobaini kuifikia chemchemi. Shemeji alikuwa amepiga magoti, akichomeka vipande vya minyaa ardhini, mikono imeganda utomvu. Dada nyuma yake na kikapu. Mstari wao ulijipinda vilevile kama wa zamani. Ng'ambo yake alisimama jirani mwenye kile kipandio, jembe begani, na hakuna aliyekuwa amebaki wa kumcheka.