Mwaka Mume Wangu Alipoacha Kukaba

Wa kwanza kuliona hawakuwa watu wa nyumbani. Walikuwa watazamaji, wale wanaokaa juu ya ukuta wa uwanja kila Jumamosi jioni na wanaomjua kila mcheza kikapu wa Morogoro na tabia zake. Walianza kumwita mume wangu Bwana Mkubwa. Nilidhani ni heshima, maana alikuwa amevuka arobaini na bado anafunga kuliko wote kwenye timu yake. Kisha fundi mwenzangu pale ninaposhona akanionyesha video iliyokuwa inazunguka kwenye simu. Kijana wa timu pinzani anakuja na mpira, mume wangu amesimama, mikono kainua nusu, na kijana anampita kama anapita mlango ulioachwa wazi. Halafu mechi nyingine, kijana mwingine, vilevile. Chini wameandika kwamba Bwana Mkubwa hakabi, anasubiri kuandaliwa mezani.

Mwenzangu alicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikashinda siku nzima sina raha.

Kufunga, wengi walijua. Jina la mume wangu lilitokana na kukaba. Alikuwa anakunja magoti, anateleza kwa ubavu huku raba zinalia kwenye saruji, na aliyekuwa na mpira anajikuta hana pa kwenda. Nilipoanza kwenda uwanjani, kabla hajaleta posa kwetu, hicho ndicho nilichokuwa nakitazama: mtu anayejituma kwenye kazi ambayo hakuna anayeishangilia.

Kocha alikuja nyumbani akijua mume wangu yuko kazini. Aliniita shemeji, akanywa chai, akazunguka sana kabla ya kusema kilichomleta. Timu inashambulia watu watano, alisema, lakini inakaba watu wanne. Wachezaji wadogo wanamheshimu mno kumwambia. Aliniomba niongee naye.

Niliongea naye tukiwa tunakula. Hakukasirika, na hilo lilinitisha kuliko ambavyo hasira ingenitisha. Alisema tu amechoka kukimbizana na watoto, akaomba maji. Alikunywa jagi zima, akaomba tena.

Baada ya hapo nikawa namwangalia. Kandambili moja ilimvuka uani akaendelea kutembea bila kujua imebaki nyuma. Kwenye korido alikuwa anapitisha vidole ukutani. Pikipiki yake aliyoendea kazini, kazi ya kufunga umeme majumbani, akaanza kuiacha nyumbani, anatembea kwa miguu na begi la vifaa begani. Nilipouliza alisema breki ya mguu ina shida. Nilimwomba jirani aiangalie. Akasema breki ni nzima.

Mwezi uliofuata tulikwenda Matombo kumsalimia mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kushuka kutoka barabarani kwenda nyumbani kwao ilikuwa na utelezi. Mimi nilitangulia. Nilipogeuka nilimwona amekumbatia mgomba, anatazama chini, anachagua pa kuweka mguu kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Ile njia aliizoea tangu utotoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ameona. Aliitikia shikamoo zetu, akatukaribisha, akatupa ndizi za kuchemsha. Alisubiri mpaka mwanawe alipokwenda kuwasalimia majirani. Hapo akanishika mkono.

"Baba yake naye alianza kutembea hivyo," alisema. "Kama anakanyaga pamba."

Baba mkwe sikumkuta hai. Nilijua tu kwamba alikufa kwa kisukari, na kwamba kabla ya kufa walimkata mguu, kisha wakaurudia kuukata juu zaidi. Mama mkwe alimuuguza katika chumba kile kile tulichokuwa tumekaa.

Njia nzima ya kurudi mjini nilimsihi mume wangu aende kupima. Alisema sawa, wiki ijayo. Wiki ikafika, akasema nyingine. Nikiendelea, alitoka nje.

Jumamosi moja nilikwenda uwanjani. Mawingu yalikuwa yameshuka yakafunika milima ya Uluguru nusu, na watu walikuwa wengi. Sikutazama mpira hata mara moja, nilitazama raba zake. Akiwa na mpira alikuwa yule yule: anasimama, anainua macho kwenye ringi, anafunga. Timu ikirudi kukaba, alikuwa anatembea. Juu ya ukuta mtu akapaza sauti kumwuliza Bwana Mkubwa kama aletewe kiti, na watu wote wakacheka. Niliona shingo yake ikikakamaa. Mpira uliofuata alikunja magoti kama zamani, akamfuata kijana mwenye mpira, akateleza kushoto, akateleza tena. Kisha mguu wa kulia ukatua kwa upande akaanguka. Akainuka mwenyewe, akaomba kutoka.

Nilimfuata benchi. Alivua raba, na soksi ilikuwa imelowa damu mpaka kisiginoni. Nilipoikung'uta raba ikadondoka skrubu, zile ndogo anazofungia swichi. Alikuwa amevaa raba zile tangu asubuhi, akaenda nazo kazini, akaja nazo uwanjani. Unyayo ulikuwa umechanika chini ya kidole kidogo. Aliutazama kama unyayo wa mtu mwingine.

"Sisikii kitu," aliniambia taratibu, ili wenzake wasisikie.

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Kufunga nafunga kwa macho. Lakini kukaba ni miguu, mama, na mimi sijui sakafu iko wapi."

Ndipo akasema lililobaki. Kwamba alijua. Kwamba alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa anafukuza nzi kwenye kidonda cha baba yake. Afadhali watu wamwite mvivu, alisema, kuliko daktari amwambie anachokijua.

Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo. Sukari ilikuwa juu sana, wakamlaza. Kidonda kikaoza haraka kuliko tulivyotegemea, na kila daktari alipofunua bandeji nilitazama uso wake kwanza kabla ya kutazama mguu. Walikata kidole kidogo. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyetaka kutuambia kama wataishia hapo. Wakaishia hapo.

Sasa hachezi. Kocha amekuja mara mbili kumwomba awafundishe vijana kukaba, na mume wangu amesema atafikiria. Anachoma sindano, anakula ninachompikia, havai kiatu kabla sijaingiza mkono ndani.

Nesi alinifundisha kumpima. Kila asubuhi anakaa kitandani, anafumba macho, nami namgusa nyayo kwa ncha ya pamba, sehemu moja hadi nyingine. Akisikia anasema "hapo". Anasema "hapo" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeitikia jina lake. Wiki hii mara kadhaa amesema kabla pamba haijamgusa. Sijamwambia. Nasubiri kidogo, namgusa, na yeye anasema tena "hapo", macho kafumba, huku ananitabasamia.