Siku Ambayo Kweli Hakukuwa na Sistimu

Nimewahi kuandika makala ndefu juu ya uhuru wa mwanadamu. Basi ilinistahili kukaa karibu Jumamosi nzima katika chumba kisicho na dirisha, kwa shati la mikono mifupi, nikitetemeka mbele ya mashine ambazo hazijasoma hata ukurasa wangu mmoja.

Chumba hicho ni cha seva, katika ofisi moja mjini Kakamega ambayo nitaiacha bila jina kwa sababu bado inaniajiri. Hapo mimi hutunza hifadhidata, yaani ghala ambamo kompyuta zote za ofisi huchota taarifa zake.

Jumamosi hiyo wageni walikuwa wanakuja kwangu Amalemba, kutoka upande wa Butali, kumposa binti yangu kitindamimba. Kwetu baba wa binti hasemi sana siku kama hiyo. Ndugu yake ndiye husema. Lakini baba lazima aonekane. Kiti chake kikiwa kitupu, wageni huelewa kwamba wamekataliwa kwa adabu. Kijana mwenyewe sikuwa na neno baya juu yake. Ni mimi tu sikuwa tayari, na wiki nzima nilikuwa nikilifanyia utani jambo hilo mezani: siku hiyo, nilisema, nitapata kazi ya dharura ofisini. Mama yake alicheka. Binti hakucheka.

Asubuhi aliponiona nikichukua funguo za gari, alinifuata hadi nje.

“Baba, unaenda wapi?”

“Ofisini mara moja. Kuna sasisho la seva.”

“Leo?”

“Leo ndiyo hakuna watu. Nitarudi kabla hamjamaliza kunyonyoa kuku.”

“Baba, wewe uje.”

Akageuka, akarudi ndani.

Sasisho ni lile jambo ambalo programu hukuomba kila siku, kwa unyenyekevu mkubwa, hadi siku unayokubali. Nilikubali. Seva ikazimika, ikawaka, kila kitu kikarudi isipokuwa hifadhidata. Toleo jipya lilitazama mafaili yetu ya zamani na kusema haliyatambui, kama kijana aliyerudi kutoka Nairobi akidai amesahau Kiluhya.

Niliona heri nitoke nikavute hewa. Nikagusisha kadi mlangoni. Taa ikabaki nyekundu.

Hapa lazima nieleze, na si kwa fahari. Mlango ule huiuliza hifadhidata kama mwenye kadi anaruhusiwa kupita. Mahali pengine huulizwa wakati wa kuingia tu. Lakini ofisi yetu ilikuwa na desturi ya koti: mtu hufika asubuhi, hutundika koti kwenye kiti, huenda zake shambani, na koti hubaki likichapa kazi mpaka jioni. Niliombwa kuitibu desturi hiyo. Nikapendekeza, katika ripoti iliyopigiwa makofi, kwamba kadi itumike hata kutoka. Na kwa kuwa hapa stima hupotea mvua ya alasiri ikikohoa tu, nikaagiza kwamba umeme ukikatika, milango ibaki imefungwa kwa betri. Mlango wa chuma, nikasisitiza.

Simu yangu ilikuwa ndani ya koti langu. Koti lilikuwa kwenye kiti changu, chumba cha pili, nyuma ya mlango mwingine wa namna hiyo.

Niligonga mpaka soja wa zamu, mlinzi wa langoni, akaja.

“Nani huko?”

“Ni mimi! Nifungulie!”

“Mkubwa? Ah, hii mimi sifunguangi. Hii inafunguanga na kadi.”

“Kadi imekataa. Sistimu imekufa.”

“Si wewe ndio uko na sistimu huko ndani?”

“Ndiyo.”

“Basi iambie ikufungulie.”

“Tafadhali, mpigie mke wangu.”

“Leta namba.”

Namba ya mke wangu inajulikana na simu yangu, si mimi. Namba pekee ninayoikumbuka ni yangu. Nilimpa hiyo, kwa matumaini ambayo hadi leo siyaelewi, akaipiga. Sote wawili tukaisikia ikilia ndani ya koti.

“Mkubwa,” akasema, na nilijua anacheka, “hushiki simu.”

“Sawa, sawa.”

“Nizime stima?”

“Usithubutu! Utaua kila kitu, na mlango hautafunguka.”

“Huyu aliweka huu mlango alikuwa anafikiria nini?”

Akapendekeza amtume mtu wa boda hadi Amalemba; nikamwelekeza kwenye nyumba yenye hema la wageni uani.

“Aseme nimefungiwa na sistimu.”

“Aseme hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

“Haya. Ni wewe umesema.”

Njia ya kutoka ilikuwa moja: kuling’oa toleo jipya, kurudisha la zamani, kisha kumimina tena taarifa zote kutoka kwenye nakala ya akiba. Kumimina huko hakuharakishwi. Unatazama mstari wa kijani ukitambaa, na ukiutazama sana unasimama. Kipoza hewa kilinipulizia shingoni. Akilini nilimwona binti yangu akichungulia barabara, kisha akiacha kuchungulia. Hilo la pili ndilo lililoniumiza. Halafu mvua ikaanza juu ya paa, na nikaanza kuiomba stima isipotee, kwa maneno ambayo kanisani huwa nayaweka kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Nilizunguka chumba kile kama dume la ng’ombe kwenye zizi la jirani. Nilisoma maandishi ya kila kebo.

Hifadhidata iliporudi, mlango ulilia kidogo tu na kufunguka, bila kuomba radhi.

Nyumbani, ndugu yangu mdogo alinipokea barazani.

“Boda alifika, akasema umefungiwa na sistimu. Nikawaambia wageni wangoje. Mzee wao akasema hata yeye huambiwa ‘hakuna sistimu’ kila akija mjini kufuata shughuli zake.”

“Ni kweli!”

“Ndivyo wanavyosemanga.”

Binti alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alilitazama shati langu lililolowa mvua.

“Baba, kama hutaki, si ungesema tu?”

“Nilifungiwa, mama.”

“Na sistimu.”

“Na sistimu.”

Nikaona hakuna sentensi ya kunitoa hapo. Miaka mingi ofisi yetu imewarudisha watu makwao kwa maneno hayohayo, mara nyingine kompyuta ikiwa haijawashwa kabisa.

Niliingia, nikasalimia, nikaketi. Nilikuwa nimeandaa maswali: wataishi wapi, kijana atamaliza lini masomo yake ya uzamili, mambo ambayo baba ana haki ya kuuliza. Msemaji wa wageni akasimama, akaanza safari yake ndefu ya maneno kuhusu ua walilosikia limechanua katika boma hili. Kwa desturi tungewaambia watupe muda tufikirie, waje tena, wabembeleze. Lakini binti alikuwa amesimama palepale, na nilijua kwamba swali langu lolote, hata la hali ya barabara ya Butali, lingesikika kwake kama mlango unaofungwa.

“Tumekubali,” nikasema.

Msemaji alibaki na mkono hewani. Wageni wakatazamana; walikuwa wamejiandaa kubembeleza hadi usiku. Ndugu yangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

“Yote?” akaninong’oneza. “Hata hawajaomba!”

“Yote.”

Binti alinitazama kwa muda, kisha akageuka. Huko jikoni vyombo vikaanza kugongana, na harufu ya ingokho, kuku wa Kiluhya, ikatufikia sebuleni.