Mkanda Uliopima Moyo Wangu

Mimi ni mgeni wa mbio, kwa hiyo nilinunua mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo na saa inayolia yakizidi, ili nipunguze mwendo. Mkanda ulikuwa mkubwa, ukawa unateleza. Jana, kwa akili zangu nyingi, niliushikiza kwa sidiria ya mke wangu, nikavaa fulana juu.

Nilipokuwa nikipita kituo cha polisi cha Nalufenya, askari mwenye bunduki akaona kitu kimetuna chini ya fulana, akanisimamisha.

"Nini iko kwa kifua?"

"Kipimo cha moyo, afande."

Hofu ikapandisha mapigo, saa ikaanza kulia. Askari akaruka nyuma, akanielekezea bunduki.

"Toa shati! Haraka!"

Nikavua. Wapita njia wakasimama kutazama. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Mbale, akitoka sokoni.

"Baba Nekesa, hiyo si ya binti yangu?"