Maji ya Mgongo wa Dada Yangu

Pale Oraba mpakani, kati ya malori yanayongoja kuvuka, nilifundishwa kwamba binadamu huzaliwa na kipimo kimoja tu cha maji ya mgongo, kama oili ya gia. Yakichotwa, basi: shingo inakauka, na ukitaka kutazama nyuma unageuka mwili mzima kama trela. Niliamini kabisa. Cheti changu cha shule ya usiku kilining'inia ukutani na hakikusema neno.

Kwa hiyo dada yangu wa Ludara alipoumwa kichwa hadi akaona jembe moja kama mawili, na picha ya hospitali huko Arua ikaonyesha kivuli ndani ya ubongo, mimi niliogopa sindano ya mgongo. Daktari akatueleza taratibu. Saratani huacha alama zake katika maji yanayozunguka ubongo na kushuka mgongoni. Vijidudu navyo huacha zao. Picha imeonyesha ni salama kuchota, basi wachote kidogo, maabara iseme.

Dada akanishika mkono. "Kaka, kama ni saratani, watoto yangu itabaki na nani?"

Mimi ninayeongea mpaka na mbuzi, nikamhesabia ndugu zetu wote wa Dranya, mmoja mmoja.

Wakachota. Sasa, kwetu mgonjwa akiongezewa damu, ndugu hutoa nyingine ya kurudishia. Nikaona maji ni vilevile. Nikapiga simu Dranya, na siku ya majibu karibu nusu ya ukoo ilijaa barazani pa hospitali, akiwemo shemeji mnene ambaye mgongo wake ungetosha wilaya nzima ya Koboko.

"Mimi iko tayari," baba mdogo akasema, "lakini wachukue ya chini. Ya juu nalimia."

Daktari akatoka. "Alama za saratani hakuna. Ni kifua kikuu kimeingia kwenye ubongo. Ugonjwa mzito, lakini dawa iko, na ataimeza mpaka mwisho."

Dada alilia, akacheka, akaomba ugali wa muhogo. Sisi tulipiga vigelegele, nadhani hata watu wa Kaya walisikia, ng'ambo ya mpaka.

Kwa furaha ile nikamsukuma baba mdogo mbele ya muuguzi, shati juu, mgongo wazi. "Sista, tuanze na huyu."

Muuguzi alimtazama, akanitazama.

"Ndugu, teremsha shati ya mzee. Tulichota kidogo tu, na mwili wa dada yako ulishatengeneza mengine siku ileile."