Mume Wangu Alikuwa Nyanya wa Jirani

Kila muhula ulipofunguliwa, wasichana wa darasa la saba tulipangwa foleni nyuma ya ofisi, mwalimu wa kike akatubinya tumbo mmoja mmoja kutafuta mimba. Wavulana hawakupangwa. Walibaki darasani wakichonga penseli, na muhula ule mmoja wao alijua vizuri sana kwa nini mimi nilikuwa natetemeka. Kabla ya saa nne nilikuwa nimefukuzwa, narudi nyumbani kati ya mashamba ya chai ya Kimulot.

Baba hakunipiga. Alinyamaza, na hilo lilinitisha zaidi, maana baba akinyamaza huwa anapanga jambo.

Alichopanga kilikuwa kunioza kwa nyanya wa jirani. Alikuwa mjane mwenye chai na ng'ombe, ila hakuzaa mtoto wa kiume. Kwetu Wakipsigis mama kama huyo ana haki ya kuoa msichana, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake. Mwenye mimba tayari ndiye bora, kazi imeshaanza. Tangu utotoni nilimwita kogo, yaani nyanya. Alipokuja kuniposa nikamwamkia hivyo hivyo, mama yangu akanifinya mkono. Mume haitwi kogo.

Nililia, nikakataa, hakuna aliyenisikiliza. Nilitaka kitu kimoja tu, kufanya mtihani wa darasa la saba, na nilijua nikishafungwa nyasi za ndoa mkononi, shule imekwisha.

Siku ya kupelekwa nikaona nafasi moja. Bi harusi wetu akifika langoni husimama, hakanyagi ndani mpaka aahidiwe kitu, na anachoahidiwa mbele ya watu lazima apewe. Basi nikasimama. Shemeji wa yule mjane, mzee wa fimbo, akaahidi mbuzi. Sikusogea. Akaahidi mtamba. Watu wakacheka, wakasema huyu anajua bei.

"Sasa unataka nini?" mzee akauliza.

"Shule."

Kicheko kikakatika. Mzee akamgeukia baba yangu. "Hii mtoto yako iko na tumbo kama hii, na inaongea shule? Rudi na yeye nyumbani."

Baba akainama. Nilijua akinirudisha, hatanisamehe maisha yake yote.

Mjane akasogea karibu, akaniangalia tumbo, halafu uso.

"Ukienda shule, mtoto atakaa na nani?"

"Na wewe."

"Atakuwa wangu? Hutakuja kumchukua?"

Kila mtu alikuwa anasikia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na huyo mtoto nilikuwa namchukia kwa sababu alinitoa darasani.

"Ni wako," nikasema.

"Basi atasoma," akawaambia wote, kisha akanigeukia. "Ingia."

Alitimiza. Nilijifungua msichana, akaachishwa ziwa mapema, nami nikapelekwa shule ya bweni upande wa Londiani, ambako hakuna aliyenijua. Mtihani nilifaulu.

Niliporudi likizo kwa mara ya kwanza, baada ya mtihani, mtoto alikuwa ameanza kusema. Alikuwa amekaa mapajani mwa mume wangu, anakula viazi. Nikamnyooshea mikono. Akajificha kifuani mwake, akamuuliza, "Baba, huyu ni nani?"