Fundo Lililofungwa na Upepo

Hapa Kamina wengi hawaniiti tena Mwalimu Nkulu, wananiita Mwalimu Upepo, na kabla hamjayasikia ya barabarani ambayo yameshatiwa chumvi, afadhali niwasimulie mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe walau unajua inaishia wapi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, Mmetodisti tangu tumboni mwa mama, na mwaka huo nilikuwa nimemaliza mafunzo ya mhubiri mlei. Kilichobaki ni jambo moja: nihubiri Jumapili moja mbele ya kanisa lote, kisha mchungaji aniwekee mikono. Siku hiyo niliingoja miaka mitatu (mke wangu Ngoie atawaambia minne, lakini yeye anahesabu na ule mwaka nilioshindwa mtihani). Somo nililopewa lilikuwa kumtambua Mungu katika maisha ya kila siku, na mchungaji aliniambia hivi: "Mwalimu, usituletee mambo ya kitabu. Kitabu tuko nayo siye bote. Utuambie fasi ulimuona Mungu hii juma. Fasi moja tu."

Mahali pamoja tu! Rahisi, siyo? Nami Jumatatu nikaanza kutafuta, na nilitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, ninainua kila kitu na kuchungulia chini yake. Jumatatu niliwaona watoto hamsini na vumbi la chaki. Jumanne gurudumu la baiskeli lilipasuka, fundi akaliziba, kwisha. Jumatano Ngoie aliumwa jino usiku kucha hata tukakaa wote wawili macho, yeye ameshika shavu na mimi nimemshika yeye, na Alhamisi asubuhi jino likatulia lenyewe, tukacheka kama wagonjwa waliopona. Hapo nilishika kalamu, nikaiweka tena. Jino! Nani atasimama madhabahuni na jino? Nilitaka kitu kikubwa, kitu cha kuwafanya watu waseme "eeeh".

Jumamosi asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, nilitoka kwenda kuitazama mihogo yangu, na njiani nikaacha baiskeli nikaingia kichakani kwa haja ndogo (nasema yote, nimeshaaibika vya kutosha), na pale nyuma ya kichuguu nikaona uyoga mkubwa, ule tunaouita bowa. Zilikuwa bowa tatu, nyeupe, na moja ilikuwa pana kama mwavuli wa mtoto.

Sasa kwa asiyetoka kwetu inabidi nieleze kidogo. Bowa huota penye kichuguu kilekile mwaka hata mwaka. Kichuguu hakina karatasi wala ua, lakini aliyeziona kwanza anachukua nyasi, anazifunga fundo, anazitundika kwenye kijiti mbele ya kichuguu, basi, kazi imekwisha. Fundo hilo linasema: hapa pana mwenyewe. Anarudi nyumbani, anaziacha bowa zifunguke, na wewe unayepita unatazama tu na kumeza mate. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa a-e-i-o-u.

Fundo lilikuwepo, na nililiona. Lilikuwa bado bichi, limekazwa mara mbili. Nikasimama mbele yake kitambo, moyo ukinidunda kama wa mwanafunzi aliyekutwa anachungulia daftari la mwenzake, halafu nikajiambia kwamba jana upepo ulivuma sana, hizi nyasi zimejikunja zenyewe. (Upepo unaofunga mara mbili na kuchomeka kijiti! Na mimi mwenye cheti nikauamini.) Kisha nikajiambia neno zuri zaidi, kwamba ni Mungu amenitengenezea hubiri langu, na kumkatalia Mungu si adabu. Nikatoa kisu, nikazikata zote tatu.

Ngoie alizipokea mlangoni, akazigeuzageuza.

"Baba Kasongo, kule hakukuwa fundo?"

"Kulikuwa manyasi tu. Upepo njo uliikunja."

(Njo ya kwetu ni ndiyo ya kwenu, nami niliitamka kwa uhakika wote.) Tulipika mbili ndogo na karanga za kutwanga, tukala na bukari, ugali wa kwetu, nami nikasifu kila tonge. Yeye alikula polepole, na alipomaliza kuosha mikono alisema tu, "Huu upepo iko na vidole."

Jumapili nilivaa koti la shemeji yangu (langu lilikuwa limeisha viwiko), nikaingia kanisani na ile bowa kubwa kwenye sinia chini ya kitambaa cheupe. Nilihubiri vizuri, siwezi kusema uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilipofika mwisho nilikivuta kitambaa, na watu wote wakasema "eeeh!" kama nilivyoota, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi, ulimi ukiwa umeshika moto, nikapaza sauti: "Hakuna aliyeipanda! Hakuna aliyeimwagilia! Haina mwenyewe ila Mungu!" Mchungaji akaipokea sinia, akaiweka mezani pamoja na sadaka.

Ndipo mtu akasimama nyuma. Alikuwa Mama Kabange, mjane anayekaa karibu na stesheni. Yeye ni Mkatoliki, lakini siku hiyo alitoka misa ya kwanza ya kwao akaja kwetu kwa sababu mjukuu wake aliimba kwaya kwa mara ya kwanza. Aliinua mkono kama wanafunzi wangu.

"Bandugu, munisamehe. Mwalimu, ile bowa uliikata fasi gani?"

"Kwa njia ya mashamba, mama."

"Nyuma ya kichuguu yenye muti wa kuungua?"

"Eh... karibu na pale."

"Haukuona fundo?"

Waliokuwa wakijipepea waliacha kujipepea. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mlango ulikuwa bado wazi, ningeweza kusema "niliona, mama, unisamehe", tukaimba wimbo, tukaenda kula. Badala yake mdomo wangu, mbele ya msalaba, ukasema:

"Niliona manyasi, mama. Upepo njo uliikunja."

Kutoka kwenye viti vya kwaya nikasikia mtu anavuta pumzi, na pumzi ile niliijua, nimelala kando yake miaka kumi na minne. Ngoie alisimama.

"Baba Kasongo," akasema kwa upole kabisa, "ule upepo njo huyu mama."

Jamani, kanisa liliinama kwa kicheko. Mzee wa kanisa alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mpiga ngoma akadondosha kijiti, hata mchungaji aligeukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mama Kabange.

"Minyi sikatae bantu bakule," alisema, maana yake yeye hakatazi watu kula. "Lakini dada yangu anatoka Luena leo na treni. Kwa kinywa haiko hata jino moja. Kila akikuja anauliza tu ile bowa. Siku tatu naenda asubuhi, naitazama, naiacha ifunguke."

Kicheko kikazimika chote kwa mara moja. Koti la shemeji likawa zito mwilini. Mchungaji alichukua sinia mezani, akanirudishia mkononi.

"Kitu ya mwenzako haiingie huku kama sadaka. Peleka kwa mwenyewe."

"Na ile ya kuwekewa mikono, mchungaji?" (Ndiyo, niliuliza. Katika saa ileile.)

"Ya kwako irudishe kwanza. Ya kwangu itangoja."

Basi tukatoka, Mama Kabange mbele na mwavuli wake, mimi nyuma na sinia, na hatujafika njia ya stesheni mvua ikamwagika. Hakunikaribisha chini ya mwavuli, na sikustahili. Bowa ikipigwa na mvua inavunjikavunjika, kwa hiyo nikavua koti nikaifunika, nikatembea na shati linalonishika mgongoni kati ya mchanga na madimbwi, na kwenye kila baraza watu waliojificha mvua waliuliza ni nini, na waliotoka kanisani waliwaeleza kwa bidii sana. Jina la Upepo lilifika stesheni kabla yangu.

Dada mtu alikuwa ameshafika, amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Alipoelezwa alicheka hadi nikaziona fizi zote, kisha akaigusa bowa kwa kidole kimoja.

"Hii njo muzuri. Bandugu yake biko wapi?"

"Kwa tumbo, mama," nikajibu, kwa kuwa uongo ulikuwa umeniishia.

"Basi kaa. Utakula na hii, ujue yote ilikuwa na utamu gani."

Nikakaa. Mama Kabange alipokuwa anasonga bukari nilimwomba msamaha, safari hii bila upepo, halafu nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikera tangu kanisani: "Mama, ulifunga manyasi tu, ukarudia kulala. Haukuogopa?"

"Kuogopa nini?" Hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria. "Fundo haina nguvu, Mwalimu. Mutoto anaweza kuikata. Minyi nilijua tu, mwenye kupita iko na Mungu."

Hakusema ili kuniumiza, na hiyo ndiyo sababu iliniuma. Juma zima nilimtafuta Mungu kama ufunguo uliopotea, na Jumamosi asubuhi tukakutana kichakani uso kwa uso, penye fundo la nyasi lisilo na nguvu, moyo wangu ukamjua kabisa na kudunda, nami nikamwita upepo. Tonge lilikwama kooni. Yule dada akanisukumia kikombe cha maji, akasema, "Meza, meno uko nayo."

Mikono niliwekewa Pasaka iliyofuata. Nilihubiri muda mfupi, juu ya jino la mke wangu: jinsi lilivyouma usiku kucha, jinsi tulivyokaa, jinsi lilivyotulia. Hakuna aliyesema "eeeh". Lakini mama mmoja alinifuata nje akanisimulia juu ya sikio la mtoto wake, na mwingine juu ya mbuzi aliyerudi mwenyewe, tukasimama pale hadi jua likawa kali, kwa hiyo na wewe ukiona juma lako halina kitu, litazame tena polepole, huenda kuna jino uliloliona dogo.

Na mvua za mwaka huu zilipoanza nilipita tena njia ile ya mashamba. Fundo lipo, limekazwa mara mbili. Nilishuka kwenye baiskeli, nikavua kofia, nikasema "mwenyewe, hodi", nikaenda zangu. Na tangu Jumamosi ile ya kisu haja ndogo naimaliza nyumbani kabla sijatoka.